Kutenganisha Sauti na Data Katika Mtandao wa Ofisi: Mwongozo kwa Watumiaji wa Mikoa ya Shinyanga na Geita

Utangulizi

Ofisi nyingi katika mikoa ya Shinyanga na Geita hutumia njia moja ya intaneti kwa shughuli zake zote. Mnunuzi wa dhahabu mjini Geita, wakala wa usafirishaji aliye jirani na bandari kavu ya Isaka, kinu cha kuchambua pamba, zahanati binafsi ya Katoro, chama cha akiba na mikopo cha Kahama: kila mmoja hulipia njia moja, kisha huunganisha humo kompyuta, kamera za ulinzi, simu janja za wafanyakazi na simu za mezani zinazopita kwenye intaneti.

Utaratibu huu hupunguza gharama, lakini una kasoro ambayo watumiaji wengi huitambua baada ya kupata hasara. Barua pepe iliyochelewa sekunde tatu haimsumbui mtu yeyote, ilhali neno lililochelewa nusu sekunde huvuruga mazungumzo yote. Tangu soko la madini la Geita lilipozinduliwa mwaka 2019, sehemu kubwa ya biashara ya wachimbaji wadogo imekuwa ikifanyika mahali rasmi na kwa bei inayofahamika. Bei hiyo mara nyingi huulizwa na kujibiwa kwa simu. Tarakimu moja ikimezwa na simu inayokatika, muuzaji na mnunuzi huachana kila mmoja akiwa na hesabu yake. Katika zahanati inayoomba gari la wagonjwa, kijiji kilichosikika vibaya humaanisha gari kwenda kusikohitajika.

Simu zinapokatika, mwenye ofisi huelekea kununua kasi kubwa zaidi. Mara nyingi fedha hizo hazileti nafuu, kwa sababu kasoro si wembamba wa njia peke yake, bali ni sauti na data kupanga foleni moja. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuzitenganisha, gharama zake, mipaka yake, na wajibu wa mtoa huduma kwako.

Je, tatizo hili linakuhusu?

Simu ya kawaida ya mkononi, inayopigwa kupitia mnara wa kampuni ya simu, haipiti katika intaneti ya ofisi. Ikikatika, tafuta sababu nyingine. Mwongozo huu unahusu simu za mezani za intaneti, simu zinazopigwa kwa programu kama WhatsApp kupitia Wi-Fi ya ofisi, na mikutano ya mtandaoni.

Dalili za sauti kubanwa na data ni hizi:

1. Simu huwa safi asubuhi kabla wafanyakazi hawajafika, kisha huharibika kadiri siku inavyoendelea.
2. Simu hukatika pale mtu anapotuma picha, ripoti au nakala rudufu, na hutengemaa anapomaliza.
3. Wewe unamsikia vizuri uliyempigia, lakini yeye anasema sauti yako inakatikakatika.
4. Mnaongea kwa kugongana, kila mmoja akidhani mwenzake amenyamaza.

Dalili ya tatu ina uzito wa pekee, kwa kuwa inaonyesha upande wenye tatizo. Maneno yako hutoka ofisini kwa njia ya upakiaji, na maneno ya mwenzako huingia kwa njia ya upakuaji. Vifurushi vingi vya intaneti huwa na upakuaji mpana na upakiaji mwembamba, na tangazo la biashara kwa kawaida hutaja ule mpana tu. Hivyo mtu anaweza kulipia megabiti 10 kwa sekunde huku sauti yake ikitoka kwa njia ya megabiti 2.

Kwa nini sauti haivumilii foleni

Simu ya intaneti huikata sauti yako vipande vidogo viitwavyo pakiti. Katika mpangilio wa kawaida, kila pakiti hubeba milisekunde 20 za sauti, maana yake pakiti 50 hutoka kila sekunde. Simu ya upande wa pili huzipokea, huzipanga na kuzigeuza kuwa sauti. Ili mazungumzo yaeleweke, mambo matatu sharti yadhibitiwe.

La kwanza ni ucheleweshaji. Shirika la Kimataifa la Mawasiliano (ITU) linapendekeza kwamba muda wa sauti kutoka kinywani mwa msemaji hadi sikioni mwa msikilizaji usizidi milisekunde 150 kwa mazungumzo mengi. Kadiri muda huo unavyoongezeka, ndivyo watu wanavyoanza kukatizana.

La pili ni kubadilikabadilika kwa ucheleweshaji. Pakiti zinazofika kwa mwendo mmoja, hata kama zimechelewa kidogo, husikika vizuri. Zinazofika kwa vishindo, tano kwa pamoja kisha kimya, husikika kama mtu mwenye kigugumizi.

La tatu ni upotevu wa pakiti. Ukurasa wa tovuti ukipoteza pakiti, kompyuta huiomba tena. Simu haina nafasi hiyo. Neno lililopotea likiombwa upya, lingefika wakati sentensi imekwisha.

Mambo haya yote matatu huharibika pakiti za sauti zinapowekwa nyuma ya faili kubwa. Fikiria barabara inayotoka Tinde kwenda Isaka na Kahama, yenye malori ya shehena ziendazo Rwanda na Burundi. Lori likichelewa robo saa, mzigo bado hufika ukiwa salama. Gari la wagonjwa likikwama nyuma ya msururu huohuo, kuchelewa kwake ndiyo madhara yenyewe. Dawa si lazima iwe barabara mpya. Yatosha malori yalipishe gari la wagonjwa. Kwa kawaida ruta ya ofisi haijui tofauti hiyo mpaka ielekezwe. Huhudumia anayetangulia kufika, na faili kubwa hutuma pakiti nyingi kwa mfululizo.

Foleni yenyewe mara nyingi hujengeka ndani ya kifaa kidogo ulichopewa na mtoa huduma, mahali ambapo mtandao wa ofisi wenye kasi kubwa hukutana na njia nyembamba ya kutokea. Kifaa chenye nafasi ya kuhifadhi kilobaiti 256 za pakiti zinazosubiri, kikiwa na upakiaji wa megabiti 2 kwa sekunde, huhitaji takribani sekunde moja nzima kuimaliza foleni hiyo ikijaa. Pakiti ya sauti inayofika mwisho wa foleni hiyo itakuwa imechelewa zaidi ya mara sita ya kiwango kilichopendekezwa, hata kabla haijatoka mlangoni.

Hesabu ya mfano

Tuchukue ofisi ya kufikirika mjini Kahama yenye simu tano za mezani za intaneti, kompyuta saba na kamera mbili za ulinzi. Njia yake hupakua kwa megabiti 10 na kupakia kwa megabiti 2 kwa sekunde.

Kiasi ambacho simu moja huhitaji hutegemea namna sauti inavyobanwa. Mbinu mbili zinazotumika sana katika simu za mezani hujulikana kwa majina ya G.711 na G.729. Ya kwanza huhitaji takribani kilobiti 90 kwa sekunde kwa kila upande, ikijumlishwa na anwani zinazobandikwa kwenye kila pakiti. Ya pili huhitaji takribani kilobiti 32, kwa gharama ya sauti iliyofifia kidogo.

Simu zote tano zikitumika kwa pamoja kwa mbinu ya kwanza, zitahitaji kilobiti 450 kwa sekunde, yaani chini ya robo ya upakiaji wa ofisi hiyo. Njia inatosha. Hata hivyo, mhasibu akituma faili la megabaiti 25, ambalo ni sawa na megabiti 200, faili hilo litaichukua njia yote kwa muda wa sekunde 100 hivi, na simu zote tano zitateseka kwa muda huo.

Sasa tuseme ofisi imetenga kilobiti 500 kwa ajili ya sauti, na kuiagiza ruta isitume zaidi ya megabiti 1.8 kwa jumla, ili foleni isijengeke katika kifaa cha mtoa huduma. Data itabakiwa na megabiti 1.3. Faili lilelile sasa litachukua sekunde 154 hivi pale ambapo simu zote zinatumika. Mhasibu amesubiri takribani dakika moja zaidi, na simu tano zimebaki safi. Simu zisipotumika, data huruhusiwa kuitumia nafasi hiyo, hivyo hakuna kinacholala bure.

Ofisi hiyohiyo ingeweza kulipia upakiaji wa megabiti 4 bila kutenganisha chochote. Faili lingechukua sekunde 50 badala ya 100, lakini kwa sekunde hizo 50 simu zingekatika vilevile. Ndiyo maana inashauriwa kutenganisha kwanza, kupima, kisha kuamua kama kasi zaidi inahitajika.

Wanaotumia vifurushi vyenye kikomo wazingatie pia matumizi ya data. Mazungumzo ya saa moja kwa G.711 hutumia kati ya megabaiti 70 na 80, pande zote mbili zikijumlishwa. Kwa G.729 hutumia kati ya megabaiti 20 na 30.

Njia tatu za kutenganisha

Njia ya kwanza: njia mbili tofauti

Ofisi hulipia njia moja kwa ajili ya sauti na nyingine kwa ajili ya data. Huu ndio utenganisho ulio rahisi kuelewa na mgumu kuharibika. Unafaa pale ambapo simu ni uhai wa shughuli, kama hospitali au kituo cha kupokea wateja. Njia ya sauti haihitaji kuwa pana, na ni bora zaidi ikitoka kwa mtoa huduma mwingine, ili moja ikikatika ofisi isinyamaze kabisa. Kasoro yake ni malipo mawili kila mwezi.

Njia ya pili: mitandao pepe miwili ndani ya swichi moja

Swichi inayoweza kupangiwa mipangilio huruhusu mtandao mmoja wa nyaya kugawanywa kuwa mitandao kadhaa isiyoonana. Mafundi huita kila mgawo VLAN, kwa utaratibu unaofuata kiwango cha kimataifa cha IEEE 802.1Q, kilichotolewa kwa mara ya kwanza mwaka 1998. Kila pakiti hubandikwa namba ya mtandao wake, kuanzia 1 hadi 4094. Kwa mfano, kompyuta zinaweza kupewa namba 10, simu namba 20, kamera namba 30 na wageni namba 40.

Faida yake ni mbili. Kwanza, kelele za mtandao wa kompyuta hazifiki kwenye simu, na kompyuta iliyoambukizwa kirusi haizioni simu moja kwa moja. Pili, waya mmoja unatosha kwa meza moja, kwani simu nyingi za mezani za intaneti zina matundu mawili: moja la kwenda kwenye swichi na jingine la kuunganishia kompyuta.

Hapa pana kosa ambalo watumiaji wengi huuziwa kama suluhisho. Mitandao pepe peke yake haitoi kipaumbele. Ni mfano wa nyumba yenye vyumba viwili na mlango mmoja wa nje: watu wametenganishwa vyumbani, lakini wakitoka wote pamoja watasongamana palepale. Fundi akikamilisha kugawa VLAN na kukuambia kazi imekwisha, muulize amefanya nini kwenye mlango wa nje.

Njia ya tatu: kipaumbele kwenye mlango wa kutokea

Ruta huelekezwa kuitambua sauti na kuipitisha mbele ya data kila mara. Katika mipangilio ya ruta, sehemu hii huandikwa QoS. Simu za mezani hubandika alama kwenye pakiti zake ili zitambuliwe. Alama inayotumika zaidi kwa sauti ni namba 46 katika mfumo wa DSCP. Ndani ya swichi hutumika daraja za 0 hadi 7, na sauti kwa desturi hupewa daraja la 5.

Mambo mawili ni ya lazima ili kipaumbele kifanye kazi. Kwanza, ruta yako iwekewe kikomo kilicho chini kidogo ya kasi halisi ya upakiaji, takribani asilimia 90, ili foleni ijengeke ndani ya ruta yako na si ndani ya kifaa cha mtoa huduma usichokitawala. Pili, kipaumbele cha sauti chenyewe kiwe na mpaka, ili kifaa kinachojifanya simu kisije kikaimeza njia yote.

Kwa ofisi nyingi ndogo, mchanganyiko wa njia ya pili na ya tatu ndio wenye nafuu. Panapopatikana fedha kwa hatua moja tu, ianze njia ya tatu.

Hatua za utekelezaji

1. Pima kasi halisi. Fanya kipimo cha upakuaji na upakiaji asubuhi, mchana na jioni kwa siku tatu, kompyuta ikiwa imeunganishwa kwa waya na wenzako wakiwa hawatumii mtandao. Andika tarehe, saa na matokeo. Tumia matokeo ya chini kabisa katika hesabu zako, si yale yaliyo kwenye tangazo.

2. Hesabu simu. Jiulize ni mazungumzo mangapi huweza kufanyika kwa wakati mmoja, wala si simu ngapi zipo mezani. Zidisha idadi hiyo kwa kilobiti 90 au 32, kulingana na mbinu ya kubana sauti inayotumika.

3. Orodhesha vinavyopakia. Kamera zinazohifadhi picha mtandaoni, nakala rudufu za kompyuta na simu janja zinazopandisha picha zenyewe ni walaji wakubwa wa upakiaji. Nakala rudufu zipangwe usiku. Kamera zihifadhi picha kwenye kinasa kilichomo ofisini, na zipandishe mtandaoni zile zinazohitajika tu.

4. Watenge wageni. Wateja na wageni wapewe Wi-Fi yenye jina na nywila tofauti, yenye kikomo cha kasi.

5. Unganisha simu za mezani kwa waya. Wi-Fi ina foleni yake yenyewe hewani, na utaratibu uliouweka kwenye ruta hauiondoi.

6. Gawa mitandao pepe, kisha weka kipaumbele na kikomo kama ilivyoelezwa.

7. Jaribu ukiwa umeielemea njia. Mtu mmoja apakie faili kubwa huku mwingine akipiga simu na kuhesabu kwa sauti kutoka moja hadi hamsini. Anayesikiliza aandike namba zilizomezwa. Rudia baada ya kila badiliko. Kipimo kinachofanywa wakati njia ni tupu hakithibitishi lolote.

8. Badilisha nywila zote za kiwandani, na ufunge simu za kimataifa usizozihitaji. Simu za intaneti zisizolindwa huwindwa na wahalifu wanaopiga simu za nje kwa gharama ya mwenye ofisi.

9. Tunza kumbukumbu. Dai nakala ya mipangilio, mchoro wa mtandao na nywila kutoka kwa fundi. Ofisi isiyokuwa navyo hulazimika kuanza upya fundi huyo akihama.

Mipaka ya utenganisho

Utenganisho huondoa msongamano uliosababishwa na ofisi yenyewe. Hauondoi kasoro zilizo nje ya ofisi, na si haki mtumiaji kuuziwa kwa ahadi hiyo.

Ofisi zilizounganishwa na nyaya za mkongo zina nafasi nzuri zaidi. Mkongo wa Taifa wa Mawasiliano, ambao ujenzi wake ulianza mwaka 2009 na ambao unasimamiwa na Shirika la Mawasiliano Tanzania (TTCL), ndio msingi wa safari ndefu za data nchini. Panapofika waya wa aina hiyo, ucheleweshaji huwa mdogo na kasi haibadiliki sana.

Ofisi zinazotumia ruta yenye laini ya simu ya mkononi, ambazo ni nyingi katika maeneo ya wachimbaji wadogo, hugawana mnara na majirani zao. Kasi yake hupanda na kushuka, na kikomo kilichofaa saa nne asubuhi kinaweza kuwa kikubwa mno saa mbili usiku. Kwa ofisi za namna hii, kikomo kiwekwe kwa tahadhari, na mbinu ya kubana sauti zaidi ndiyo inayofaa. Wakati mwingine jibu la busara ni kuacha sauti ipite kwenye simu ya kawaida ya mkononi na kuiachia intaneti data peke yake. Huo nao ni utenganisho.

Wanaotumia setilaiti wazingatie umbali. Setilaiti zinazokaa juu ya mstari wa ikweta, zikionekana kutotembea, zipo kilomita 35,786 kutoka ardhini. Sauti ikipanda huko na kushuka hutumia takribani robo sekunde, na jibu hutumia robo sekunde nyingine. Kiwango cha milisekunde 150 kimekwisha kupitwa kabla ya foleni yoyote, na hakuna mipangilio ya ruta inayoweza kufupisha safari hiyo. Setilaiti zinazozunguka karibu na dunia hazina kasoro hiyo kwa kiasi hicho.

Vilevile, alama za kipaumbele ulizobandika huheshimiwa ndani ya ofisi yako na kwenye ruta yako. Katika intaneti ya kawaida ya nje, mara nyingi hupuuzwa. Ukitaka ziheshimiwe hadi mwisho wa safari, sharti hilo liandikwe katika mkataba na mtoa huduma.

Umeme nao usisahauliwe. Simu ya intaneti hunyamaza umeme unapokatika, tofauti na simu ya mkononi yenye betri. Ruta, swichi na kifaa cha mtoa huduma viunganishwe na betri ya akiba, na swichi inayopeleka umeme kwenye simu kwa waya uleule wa mtandao hurahisisha jambo hilo. Kwa kuwa Kanda ya Ziwa hupata radi nyingi, nyaya za shaba zisivutwe nje kutoka jengo hadi jengo bila kinga, na vifaa viunganishwe na waya wa ardhini. Ofisi ibaki daima na angalau simu moja ya mkononi yenye chaji kwa ajili ya dharura, na kila mfanyakazi afahamu namba 112 ya dharura na 114 ya Zimamoto na Uokoaji.

Maswali ya kumuuliza mtoa huduma kabla ya kusaini

- Kasi ya upakiaji ni ipi, na je, imehakikishwa au ni kiwango cha juu kabisa kinachowezekana?
- Njia hii ni yangu peke yangu au nagawana na wateja wengine, na kwa uwiano gani?
- Ucheleweshaji na upotevu wa pakiti unaoahidiwa ni kiasi gani, na ahadi hiyo imeandikwa wapi?
- Je, mtaheshimu alama za kipaumbele cha sauti katika mtandao wenu?
- Kifaa mtakachonipa kinaruhusu niunganishe ruta yangu na kuweka mipangilio yangu?
- Njia ikikatika, itarejeshwa ndani ya muda gani, na nitafidiwa vipi?
- Je, huduma ya simu za intaneti mnayoniuzia inatolewa kwa leseni?

Majibu ya mdomo hayamsaidii mtumiaji siku ya mgogoro. Omba yaandikwe.

Mipaka ya wajibu

Kwa kawaida, mtoa huduma huwajibika kuanzia mtandao wake hadi kwenye kifaa alichokufungia. Kuanzia hapo kwenda ndani, yaani ruta yako, swichi, nyaya za ukutani na simu, wajibu ni wako au wa fundi uliyemwajiri, isipokuwa mkataba umesema vingine. Mpaka huu ndio chanzo cha mabishano mengi: mtoa huduma humlaumu fundi, na fundi humlaumu mtoa huduma.

Njia ya kuyamaliza ni kupima kwenye mpaka wenyewe. Chomoa vifaa vyote vya ofisi, unganisha kompyuta moja moja kwa moja na kifaa cha mtoa huduma, kisha pima. Matokeo yakiwa mabaya hapo, tatizo ni la mtoa huduma. Yakiwa mazuri hapo na mabaya ndani, tatizo ni lako. Kipimo hiki huchukua dakika kumi, na huzuia barua nyingi zisizo na jibu.

Unaponunua vifaa, hakikisha vimeidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania (TCRA). Kifaa kisichoidhinishwa kinaweza kuingilia mawasiliano ya wengine na kukuweka katika hatari ya kisheria.

Namna ya kuwasilisha malalamiko

Huduma za mawasiliano nchini huongozwa na Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 pamoja na kanuni zake, zikiwemo zinazohusu ubora wa huduma na ulinzi wa mtumiaji. Ukiwa na hakika kwamba tatizo liko upande wa mtoa huduma, fuata hatua hizi:

1. Wasilisha malalamiko kwa mtoa huduma kwanza, kwa maandishi, ukiambatanisha vipimo vyako vyenye tarehe na saa.
2. Omba namba ya kumbukumbu ya malalamiko na uitunze.
3. Usiporidhika na majibu, au usipojibiwa, peleka shauri TCRA. Watumiaji wa Shinyanga na Geita wanaweza kuhudumiwa na Ofisi ya Kanda ya Ziwa iliyopo Mwanza.
4. Kwa ushauri na utetezi, mtumiaji anaweza pia kuliendea Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano, lililoundwa chini ya Sheria ya TCRA ya mwaka 2003.

Malalamiko yasemayo "intaneti yenu ni mbovu" ni vigumu kuyashughulikia. Yanayosema kwamba kati ya tarehe fulani na fulani, kipimo kilichofanywa moja kwa moja kwenye kifaa cha mtoa huduma kilionyesha upakiaji wa nusu ya ulioandikwa kwenye mkataba, hayawezi kupuuzwa kwa urahisi.

Hitimisho

Kasi inayouzwa kwa megabiti haielezi mazungumzo yako yatasikika vipi. Pima njia uliyonayo, ipe sauti nafasi yake mlangoni, jaribu ikiwa imeelemewa, na ndipo uamue kama kuna haja ya kulipia zaidi. Ukifanya hivyo utajua kama fedha zako zinanunua huduma au zinarefusha foleni, na utakuwa na ushahidi wa kudai haki yako iwapo huduma uliyolipia haijakufikia.